Kuhesabu Pumzi Dakika Nzima

Juma hili ukurasa wetu unawaelekea kwanza vijana wanaosomea uuguzi hapa Kampala, katika vyuo vya Mulago, Mengo, Lubaga, Nsambya na kwingineko. Hata hivyo wenye nyumba wasilifunge gazeti. Kazi tunayotaka kuieleza haihitaji chombo chochote ila saa yenye mshale wa sekunde, na mama mwenye mtoto anayekohoa aweza kuifanya usiku wa manane nyumbani kwake Bwaise au Katanga, kabla hajaamua kama atamsubiri mwenye bodaboda wa alfajiri au ataondoka saa ile ile.

Kazi hiyo ni kuhesabu pumzi. Katika vipimo ambavyo mwanafunzi hufundishwa tangu siku zake za kwanza wodini, yaani joto la mwili, mapigo ya moyo, shinikizo la damu na idadi ya pumzi, hiki cha mwisho ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote. Joto lina kipimajoto chake na shinikizo lina mashine yake; pumzi haina chombo, na kitu kisicho na chombo aghalabu hudhaniwa kuwa si kipimo. Pitia chati za wodi yoyote iliyojaa wagonjwa, katika nchi yoyote ile, nawe waweza kukuta 20, 20, 20 tangu kitanda cha kwanza hadi cha mwisho. Mzee mwenye pumu na kijana aliyevunjika mguu wanapumua sawasawa kama askari wa gwaride. Namba za namna hiyo hazikuhesabiwa, zimeandikwa tu. Nalo ni jambo la hatari, kwa sababu katika maradhi mengi pumzi hubadilika saa nyingi kabla ya mgonjwa kuzidiwa, wakati ambapo bado kuna nafasi ya kumsaidia.

Ili kufahamu kwa nini ni hivyo, hapana budi tuanze na swali la nani hutoa amri ya kupumua. Wengi hufikiri kwamba mwili huvuta hewa kwa sababu umeishiwa oksijeni. Kwa kawaida sivyo. Chini kabisa ya ubongo, mahali unapoungana na uti wa mgongo, pana kituo kinachochungua daima kiasi cha hewa ya ukaa, ambayo vitabu vya chuo huiita kaboni dayoksaidi. Hewa hii hutengenezwa na mwili unapotumia chakula, na ikizidi katika damu huifanya damu ielekee kuwa na tindikali. Ikipanda kidogo tu, amri hutoka na pumzi huongezeka. Oksijeni inao walinzi wake pia, vijitundu vidogo vya nyama vilivyo shingoni karibu na mishipa mikubwa ya damu iendayo kichwani, lakini hao hupiga kelele hasa pale oksijeni inapokuwa imeshuka sana. Kwa hiyo pumzi zilizoongezeka ni habari kutoka ndani. Huenda mapafu yameshindwa kuitoa hewa ya ukaa, huenda oksijeni imepungua, au huenda damu imejaa tindikali kwa sababu nyingine kabisa.

Sababu hiyo ya mwisho isisahauliwe. Mgonjwa wa kisukari aliyekosa dawa, au mtoto mwenye malaria kali, aweza kupumua haraka na kwa kina kirefu ilhali mapafu yake ni safi. Mwili wake unajaribu kuipunguza tindikali kwa kuifukuza hewa ya ukaa. Ndiyo maana mwanafunzi aandike idadi na pia namna ya pumzi: fupi au ndefu, nyepesi au za taabu, zenye sauti au zisizo na sauti.

Sasa tuje kwenye hesabu ndogo ambayo ningependa kila mwanafunzi aifanye mwenyewe kwa kalamu. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kila pumzi huingiza hewa ipatayo mililita 500. Lakini si hewa yote hiyo ifikayo kunakofanyika kazi. Kiasi cha mililita 150 hubaki njiani, katika pua, koo na mabomba ya hewa, na hutoka tena bila kumfaa mtu chochote. Kazi hufanyika mwisho wa njia, katika vifuko vya hewa, ambavyo ni vidogo mno na idadi yake ni mamilioni mia kadhaa. Lau vingekunjuliwa vyote vikatandazwa, vingefunika meta za mraba zipatazo 70, sawa na sakafu ya nyumba ya jamaa kubwa. Kuta zake ni nyembamba kuliko karatasi yoyote, na upande wa pili wa ukuta damu inapita.

Mchukue mtu anayepumua mara 12 kwa mililita 500. Jumla ni lita 6 kwa dakika. Ondoa zile 150 zinazobaki njiani kila mara, na vifuko vimepata lita 4 na mililita 200. Mchukue sasa mwingine anayepumua mara 24, lakini pumzi fupi za mililita 250. Jumla ni lita 6 vile vile. Ondoa 150 mara 24, na vifuko vimepata lita 2 na mililita 400 tu. Ukimtazama kwa mbali utasema huyu wa pili anapata hewa tele, maana kifua hakitulii; kumbe anafanya kazi zaidi na kupata pungufu. Tena misuli yake inayofanya kazi hiyo, kile kiwambo kilicho kati ya kifua na tumbo pamoja na misuli ya katikati ya mbavu, nayo inadai oksijeni. Ni kama mchukuzi anayepanda kilima cha Mulago mara nyingi, kila safari na mzigo nusu.

Kwa nini basi mgonjwa asivute pumzi ndefu? Kwa sababu katika nimonia vifuko hujaa majimaji na usaha, na pafu lililokuwa laini kama sifongo huwa gumu. Kulitanua pafu gumu ni kazi nzito, tena mara nyingi kuna kichomi kinachokata pumzi katikati. Mwili huchagua pumzi fupi nyingi kwa kuwa ndizo rahisi. Katika mtoto mchanga, ambaye mbavu zake ni laini, ugumu huo huonekana waziwazi: anapovuta hewa, sehemu ya chini ya kifua hubonyea ndani badala ya kutoka nje, na matundu ya pua hupanuka. Pengine huguna kila anapotoa pumzi. Mguno huo ni hila ya mwili ya kufunga koo kidogo ili vifuko visinywee kabisa, nao ni dalili ya hatari.

Hesabu za watoto ziwekwe kichwani kama mtu akumbukavyo siku yake ya kuzaliwa. Mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza miezi 12, 50 au zaidi. Kuanzia miezi 12 hadi kabla ya miaka 5, 40 au zaidi. Viwango hivi vya Shirika la Afya Duniani vilikusudiwa tangu mwanzo kwa mahali pasipo na picha ya eksirei wala daktari. Hapa Uganda vilipelekwa hadi vijijini pale serikali ilipokubali, mwaka 2010, kwamba watu wa timu za afya za vijiji wapewe saa ndogo za kuhesabia pumzi na dawa ya amoksilini, ili watibu watoto karibu na nyumbani.

Tulikuwa na haja kubwa ya jambo hilo. Kwa miaka mingi, mtoto mwenye joto alikuwa ni mtoto wa malaria, basi. Mama alinunua vidonge vya malaria dukani, akampa, akangoja. Lakini nimonia, ambayo Waganda huiita lubyamira, nayo huja na joto, na kwa mzazi aliye gizani na taa ndogo mkononi homa hizi mbili hufanana mno. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2004 uliwatazama watoto 3,671 wa chini ya miaka mitano waliofikishwa katika vituo vya afya vya Uganda, na asilimia 30 kati yao walikuwa na dalili zinazokubaliana na malaria na nimonia kwa pamoja. Kinachowatenganisha watoto hao, kabla ya kipimo chochote cha damu, ni kukohoa na kasi ya pumzi. Anayeruka kuhesabu humtibu malaria mtoto ambaye mapafu yake yanajaa, na siku mbili hupotea. Katika nimonia ya mtoto mchanga siku mbili ni nyingi mno.

Namna ya kuhesabu ina adabu zake. Mtoto apakatwe na mama yake, awe ametulia, asiwe ananyonya wala kulia. Msalimu mama kwanza, mwite nnyabo kama ilivyo desturi, umweleze unachotaka kufanya, kwa maana mama aliyetishika humtikisa mtoto. Inua nguo, tazama mahali tumbo na kifua vinapokutana, kisha hesabu kila kupanda kwa sekunde 60 kamili. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4: kosa la pumzi moja litakuwa kosa la pumzi nne, na isitoshe watoto wachanga hupumua kwa kusitasita, mara haraka mara kidogo, hata robo dakika yaweza kudanganya kabisa. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifika 60, hesabu mara ya pili. Kwa mtu mzima shika kifundo cha mkono kana kwamba bado unahesabu mapigo ya moyo, macho yako yakiwa kifuani, kwa kuwa ajuaye kwamba pumzi zake zinahesabiwa hawezi tena kupumua kwa kawaida. Mtu mzima akifika 25 mwite mkubwa wako wa zamu. Akifika 30 usimwache peke yake.

Iko hali moja inayowadanganya hata wazoefu. Mtoto alikuwa na pumzi 70 jioni. Usiku wa manane zimeshuka kuwa 30, na mwanafunzi afurahi. Lakini mtoto amelegea, hanyonyi, hamtazami mama yake. Huyu hajapona, amechoka. Misuli imeshindwa, na hatua inayofuata ni kukoma. Pumzi zinazoshuka ni habari njema kwa mtoto anayenyonya na kuitika anapoitwa, si kwa mwingine.

Vitabu vya kigeni husisitiza sana rangi ya buluu midomoni kuwa ndiyo dalili ya kukosa oksijeni. Hapa kwetu mwanafunzi asiitegemee. Kwanza, katika ngozi nyeusi huonekana vigumu. Atazame ulimi na ufizi, tena mchana au kwa taa nzuri. Pili, na hili ni kubwa zaidi, ile rangi haitokani na upungufu wa oksijeni peke yake. Hutokea pale damu inapokuwa na himoglobini isiyobeba oksijeni kiasi cha gramu 5 hivi katika kila desilita. Mtoto aliyepungukiwa damu kwa malaria au selimundu, ambaye himoglobini yake yote ni gramu 5 au pungufu, hawezi kuwa wa buluu hata akiwa anakata roho. Atakuwa mweupe tu viganjani. Wodi zetu zimewaona wengi wa namna hii, na anayesubiri buluu kwao atasubiri mpaka kuchelewa.

Ndipo kinapofaa kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni kwa mwanga. Msingi wake ulibuniwa na mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, katika miaka ya mwanzo ya 1970. Kibanio hupitisha mwanga mwekundu na mwanga usioonekana katika kidole, na hutambua tofauti ya damu iliyobeba oksijeni na isiyobeba. Mtu mwenye afya huonyesha 95 hadi 100 kwa mia. Kampala iko meta zipatazo 1,200 juu ya bahari, na uzito wa hewa hapa ni kama milimita 660 za zebaki badala ya 760 za Mombasa. Kwa hiyo tunaanza na akiba pungufu kidogo, ingawa kwa mtu mzima wa afya tofauti haionekani. Linalopasa kukumbukwa ni mteremko. Kati ya 100 na 90 namba hushuka polepole ingawa oksijeni katika damu inapungua sana. Chini ya 90 mlima unaporomoka. Ndiyo sababu 90 ni mpaka: mtoto aliye chini yake apewe oksijeni bila mjadala, na mwenye dalili za dharura, kama aliyepoteza fahamu au anayetapatapa kwa pumzi, apewe hata kabla ya kufika huko.

Lakini nacho chombo kina upofu wake. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walitangaza kwamba, kwa wagonjwa weusi, kibanio kilionyesha oksijeni ya kutosha huku damu yenyewe ikiwa imepungukiwa, karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Rangi ya kucha na hina humsumbua kadhalika, na kidole baridi hakisomeki. Kwa hiyo kibanio kikisema 93 na pumzi zikisema 34, ziamini pumzi.

Kampala ililijua jambo la oksijeni kwa uchungu mwezi Juni mwaka 2021, wimbi la pili la korona lilipojaza vitanda na jamaa wakahangaika kutafuta mitungi. Walikuwapo wagonjwa walioketi wakizungumza huku kibanio kikionyesha namba za kutisha. Hewa ya ukaa ilikuwa ikitoka vizuri, basi hawakuhisi dhiki kubwa. Mara nyingi, hata hivyo, pumzi zao zilikuwa zimekwisha kupanda, kwa yeyote aliyezihesabu.

Mashine zinazochuja oksijeni kutoka katika hewa ya kawaida, kwa kuizuia naitrojeni, zimepunguza utumwa wa mitungi, lakini umeme ukikatika mashine hunyamaza. Waganda na wenzao wa Kanada walijaribu kuziendesha kwa nguvu ya jua, wakianza na hospitali za Jinja na Kambuga, kisha wakapanua kazi hadi vituo 20. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba vifo vya watoto wenye upungufu wa oksijeni, katika saa 48 za kwanza, vilipungua kwa karibu nusu. Sijui dawa ngapi mpya ziwezazo kujisifu hivyo. Wakati wa kumpa mtoto oksijeni kwa vijibomba vya puani, lita nusu hadi 1 kwa dakika humtosha wa chini ya miezi 2, na lita 1 hadi 2 kwa aliyezidi hapo. Sigiri na mshumaa vikae mbali kabisa.

Kwa wazee wenye mapafu yaliyochakaa oksijeni itolewe kwa kipimo. Miongoni mwao wamo waliozoea hewa ya ukaa nyingi mwilini, na oksijeni ikimwagwa bila kiasi ile hewa huweza kupanda hadi mgonjwa akasinzia asiamke. Hao walengwe 88 hadi 92. Nao si wavuta sigara peke yao. Uchunguzi uliofanywa Masindi na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta ugonjwa huo wa kuziba njia za hewa kwa asilimia 16 ya watu wazima wa zaidi ya miaka 30, na wengi wao walikuwa bado vijana, waliokulia katika moshi wa kuni. Matoke hupikwa kwa saa nyingi, na mpishi huketi hapo hapo. Kutoa jiko nje ya mlango, au walau kufungua dirisha la upande wa pili, ni jambo dogo, na mtoto mchanga asibebwe mgongoni wakati wa kuwasha sigiri.

Kuhusu kifua kikuu, akafuba kwa Kiganda, nitasema machache kwa kuwa kinastahili siku yake. Kikohozi cha majuma mawili kipimwe makohozi. Wagonjwa wa Uganda walikuwamo katika majaribio ya Afrika Mashariki yaliyoanza mwaka 1970 na kuonyesha kwamba miezi 6 ya dawa yaweza kutosha pale ambapo zamani ilihitajika miezi 18 au zaidi. Hapa hesabu ya pumzi haisaidii kugundua mapema, kwa maana ugonjwa huu hula pafu polepole na mtu huzoea.

Pumu iko kinyume. Hapo shida ni kutoa hewa, si kuivuta: mabomba madogo yamebana na kuvimba, pumzi ya kutoka ni ndefu na yenye mluzi. Mluzi ukinyamaza ghafla ilhali mgonjwa bado anahangaika na hawezi kumaliza sentensi, usishangilie. Hewa haipiti tena kiasi cha kutoa sauti. Kwa mtoto asiyeweza kutumia bomba la kuvuta salbutamoli, chupa ya plastiki ya nusu lita, safi na kavu, itobolewe kitakoni tundu linaloshika bomba sawasawa, kandokando pazibwe, kisha mtoto atie mdomo wa chupa kinywani na kupumua kwa utulivu. Uchunguzi uliofanywa Cape Town na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chupa ya namna hii hufanya kazi sawa na vifaa vinavyouzwa. Mgonjwa aketi, asilazwe chali, maana akilala tumbo hukisukuma kiwambo juu na kukinyima nafasi.

Baada ya kumpa dawa hesabu tena baada ya dakika 15 au 20, kisha andika katika chati saa yenyewe, idadi ya pumzi, kama mtoto alikuwa macho, amelala au analia, na kama alikuwa katika hewa ya kawaida au katika oksijeni ya lita ngapi. Atakayeshika zamu ya usiku atazilinganisha namba zako na zake.